Zipu Elfu Sita

Zipu moja, senti arobaini.
Ndivyo anavyolipa mwenye karakana
hapa Bom Retiro, São Paulo, ghorofa ya tatu,
na mimi, Nieves, nimesahau kuhesabu kwa reali.
Mkate ni zipu ishirini.
Kodi ya chumba usiniulize.

Jumamosi Yamil alinishika mkono
kana kwamba mimi ndiye mtoto,
tukashuka hadi mtaa wa Santa Ifigênia.
Daftari lake la hesabu limejaa majina nisiyoweza kuyatamka,
yameandikwa, yamefutwa, yameandikwa,
karatasi imetoboka penye kadi ya michoro.

"Prosesa ni ubongo, Mama."
"Na hii?"
"Hii memori."
"Si ubongo uleule?"
Akashusha pumzi kama fundi
aliyelazimishwa kumfundisha kazi shemeji yake.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
na mtaa huu wote unajitembeza:
vijana wanatuvuta mikono,
feni zinazunguka madirishani, zambarau, kijani, zambarau.
Yamil akaganda mbele ya kasha la kioo
lenye taa mpaka kwenye miguu.
Zipu elfu moja na mia mbili.
"Taa hizo zinaongeza kasi?"
Kimya.
"Hapana," akasema,
kama mtu anayejing'oa jino.

Adalberto, muuzaji wa kadi za mtumba,
aliapa kwamba ile aliyoishika
ilikuwa ya ajuza mmoja wa kusoma barua tu.
Sijui kompyuta. Lakini najua mshono
uliofumuliwa ukashonwa tena.
Nikaigeuza: skrubu zimechubuka vichwa,
kibandiko kimechanika katikati.
Nikainusa: inanuka pasi iliyosahauliwa juu ya nguo.
Nikamrudishia ajuza wake.

Kwenye duka la chini kabisa, mama Hwang
alituchomekea kadi nyingine, akatuacha tuitazame
nusu saa nzima ikichemka na kupoa,
yeye akimenya chungwa.
Elfu mbili. Hakupunguza hata zipu moja,
nami sikumlaumu.

Tukagombana juu ya kisanduku cha umeme.
Yamil alitaka kile cha mia tatu,
kwamba hakionekani, kwamba kinakaa nyuma,
kwamba chenji itatosha feni moja ya rangi.
Nikakipima kiganjani.
Chepesi kama ahadi.
Mwaka juzi waya wa namna hiyo
uliunguza mota ya cherehani ya Rómulo,
tukateremka ngazi gizani, kumi na wanne,
tukihesabiana kwa sauti.
Sikumwambia hayo.
Nilichukua kile kizito, cha mia saba,
nikakibeba mwenyewe.

Prosesa iliyotumika, elfu moja mia tatu.
Bodi, elfu moja. Memori, mia tano. Diski, mia nne na hamsini.
Zikabaki zipu hamsini:
sambusa mbili za jibini za mafuta ya moto
na glasi moja ya maji ya miwa, mirija miwili.
Kasha, basi tena. Labda Krismasi.

Kwa hiyo mashine ya mwanangu
inakaa ndani ya boksi la katoni
lililoandikwa ZIPU NYEUSI SM 20.
Televisheni ya binamu ndiyo skrini.
Saa nne usiku kila waya ulikuwa mahali pake,
akainua uso: "Mama, hakuna swichi.
Swichi huja na kasha."

Akatafuta bisibisi mezani, chini ya kitanda.
Mimi nikatia mkono mfukoni mwa aproni,
nikakuta kishikizo cha zipu, cha shaba,
kile kinachopanda na kushuka.
Akakitazama. Akanitazama.
Akakigusisha kwenye pini mbili, kidogo tu.

Feni ikashtuka, ikasita,
ikaenda.

Skrini ikatuuliza tarehe.
Yamil akaandika.
Ikatuuliza saa.
"Saa ngapi, Mama?"
Nikamwambia aandike yoyote,
maana kesho Jumapili,
nisogezee kiti na mimi.